Pua ya Mwenyekiti

Leonardi, mwenyekiti wetu, alikuwa na kipaji ambacho Mungu hampi kila mtu. Angeweza kuchora mtakatifu yeyote unayemtaka, awe Petro, awe Yosefu, awe Mama Anna mwenyewe, na mtakatifu huyo akatoka na pua ya Leonardi. Ilikuwa pua ya kutosha, nyembamba juu na pana chini, kama jembe lililolima sana. Watu wa parokia walishazoea. Nadhani wengine waliamini kwamba mbinguni ndivyo watu wanavyokuwa.

Tulikuwa watu wanne, na kundi letu lilikuwa na jina kubwa kuliko kazi zake: Umoja wa Wachoraji wa Kigoma na Ujiji. Leonardi alichora watakatifu. Dismasi wa Mwanga alichora vichwa kwenye mabango ya vinyozi, na vichwa vyote vilikuwa vya vijana ambao nywele zao zilinyolewa kwa rula. Mwinshehe wa Ujiji, Mwislamu wa swala tano na mtu asiyepaza sauti, alipaka maboti rangi kule Kibirizi, akiyaandika majina na kuyachorea maua ubavuni. Mimi nilichora maua kwa penseli juu ya vitambaa vya makochi ili akina mama wayadarizi kwa nyuzi. Tangu mume wangu afariki, maua hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yangu Agnesi, kwa hiyo sikuruhusu mtu kuyacheka ovyo. Jumamosi waliyacheka kwa utaratibu.

Utaratibu huo tuliletewa na sista mmoja mgeni aliyekaa nasi msimu mmoja wa mvua. Alitufundisha kwamba wachoraji hujengana. Unapotazama kazi ya mwenzako, kwanza utaje jambo moja jema, kisha useme linalohitaji kurekebishwa. Na mwenye kazi asijibu. Anasikiliza, anashukuru, na Jumamosi inayofuata analeta kazi iliyorekebishwa. Sista akarudi kwao, sheria ikabaki, kama viatu vya marehemu ambavyo kila mrithi anavivaa kwa mguu wake.

"Mama Agnesi," Mwinshehe aliniambia siku moja, akikishika kitambaa changu kwa ncha za vidole, "kitambaa hiki umekipiga pasi vizuri sana. Sasa tuambie, hili ni ua au ni kuku?"

Nikashukuru. Ndiyo sheria.

Dismasi naye alipoleta bango la saluni ya Gungu, Leonardi alilitazama kwa muda mrefu mpaka tukaanza kumhurumia Dismasi. "Mbao umechagua nzuri," akasema hatimaye. "Ni mninga?" Kisha akaeleza kwa upole kwamba kijana yule aliyechorwa hana shingo, na kwamba mtu asiye na shingo haendi saluni, anakwenda hospitali.

Hivyo ndivyo tulivyojengana, kila Jumamosi alasiri, katika chumba cha cherehani cha parokia. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyeinuka pia.

Ndipo akaja Anésie.

Ilikuwa ile miaka ambayo Warundi walivuka kwa wingi hata ukienda sokoni unasikia Kirundi zaidi kuliko Kiswahili. Kwetu Waha lugha hiyo si ngeni, ni kama kusikia jirani akiongea na kamasi kidogo puani. Wengi walipandishwa malori wakapelekwa makambini. Anésie aliachwa mjini kwa sababu ya homa, na baba paroko akaomba familia zenye chumba ziwapokee wagonjwa. Mimi nilikuwa na chumba. Alipopona alikuwa ameshazoea kushona vifungo pale cherehani, na hakuna aliyekumbuka kumpandisha lori.

Alikuwa mwanamke wa kimya, mikono mirefu, anayepokea kila kitu kwa mikono miwili. Ukimpa kikombe cha uji, mikono miwili. Ukimpa sindano, mikono miwili. Na neno lake lilikuwa moja: "Ego, murakoze." Ndiyo, asante. Kwa muda wote aliokaa kwangu sikuwahi kumsikia akimwambia mtu hapana. Kwao kama kwetu, mgeni hachagui. Anayechagua ataulizwa kwa nini hakubaki kwake.

Alimpoteza mumewe ziwani. Siku ya kukimbia, wanawake waliwekwa katika boti moja na wanaume katika jingine. Boti la wanawake lilifika Kagunga, upande wetu. La wanaume, wengine walisema lilizama, wengine walisema lilitia nanga mahali pengine wakapotelea milimani, na kila aliyesema aliapa kwamba aliona kwa macho yake. Mimi ni mjane, na kaburi la mume wangu nalijua, nalifagia kila mwaka siku ya Marehemu Wote. Anésie hakujua kama avae nguo za mke au za mjane. Usiku nilimsikia akisali upande wa pili wa ukuta, na sala yake ilikwama palepale kila mara, kwa sababu hakujua amwombee mumewe safari njema au pumziko la milele.

Watu wa shirika la wakimbizi walikuwa wanatafuta waliopotea. Waliyasoma majina kwa kipaza sauti. Walipolisoma la mumewe, Ngendakumana, wakatokea akina Ngendakumana wengi, wazee kwa vijana, warefu kwa wafupi, mmoja hata hakuwa na mke na akauliza kama huyu anapatikana. Wa Anésie hakuwemo. Wakamwambia jina halitoshi, alete picha. Picha zao zilibaki kwenye nyumba, na nyumba ilibaki majivu.

"Hata ya kuchorwa itafaa," yule kijana wa shirika alimwambia. "Ila iwe moja. Tutaitoa nakala, zibandikwe kambi zote na bandarini. Gari linaondoka mwisho wa mwezi."

Jumamosi hiyo Anésie aliingia chumbani kwetu na kipande cha mfuko wa saruji alichokichora kwa mkaa. "Nimesikia mnasaidiana kuchora," akasema. Akakitoa kwa mikono miwili.

Kusema kweli haukuwa mchoro mzuri. Kichwa kiliinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukutani. Jicho moja lilikuwa limefunguka, la pili kope lake limeteremka nusu, kama duka linalotaka kufungwa. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika chini. Bega moja juu, moja chini. Mdomo umefumba katikati ya ndevu, lakini ungesema anazuia kicheko. Niliutazama nikahisi kwamba mtu huyo ameingia chumbani na hajakaribishwa kiti.

Leonardi akausimamisha juu ya cherehani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakunja mikono.

"Kwanza jambo jema," akasema. "Mfuko wa saruji ni karatasi imara."

"Na mkaa haujachafua sana," akaongeza Dismasi.

"Alhamdulillahi, ni mtu," akasema Mwinshehe. "Hilo linaonekana."

Walipomaliza wema wakaingia kwenye ujenzi. Leonardi akasema macho ya binadamu huwa mawili na huwa sawa, Mungu hakuumba kwa kukadiria. Dismasi akasema nywele hazina mpaka, kwamba mtu anayetafutwa lazima apendeze ili watu watamani kumtafuta. Mwinshehe akasema ubao wa matangazo ni kama boti, unaonwa kutoka mbali, kwa hiyo mistari iwe minene na paka rangi. Sikio lirekebishwe. Bega liinuliwe. Kichwa kinyooshwe.

"Mama Agnesi, wewe?" akauliza mwenyekiti.

"Msiimwagie maji," nikasema. Ndilo nililokuwa nalo.

Anésie alikuwa amesimama ameshikilia viganja vyake. "Ego, murakoze," akasema.

Leonardi alijitolea kusimamia marekebisho yeye mwenyewe, bila malipo, kwa ajili ya wakimbizi, na alitaja neno bila malipo mara nyingi mpaka likaanza kuonekana ghali. Akafungua karatasi ya manila. Ule mfuko wa saruji akautupa kwenye pipa la vitambaa vya kufutia brashi. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kutandika chini ya kikapu changu cha nyuzi, nikauchukua. Ulikuwa imara, kama walivyosema.

Jumamosi iliyofuata Ngendakumana alikuja akiwa na macho mawili sawa, yaliyoangalia juu kidogo, kama anayesubiri kusikia sauti kutoka kwenye wingu. Nyingine akaja na nywele. Dismasi alimnyoa panki, ule mtindo wa vijana wa mjini uliokatwa juu kama meza, na mpaka ulionyooka kwenye paji. Nyingine akaja na mabega sawa na shati lenye kola. Mwinshehe akamzungushia mstari wa bluu mzito, ule ule anaopaka kwenye maboti ili taa za karabai zisilikose boti usiku. Kila mara Anésie aliitwa aone. Kila mara alipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, nikamuuliza, "Binti, anafanana?"

"Wanajua kuchora, mama."

"Sikukuuliza wanajua nini. Nimekuuliza anafanana?"

Akachambua kidogo. "Mama, ukipewa blanketi fupi, utamwambia aliyekupa kwamba miguu yako ni mirefu?"

"Blanketi ni blanketi. Huyu ni mumeo."

"Wameacha kazi zao kwa ajili yangu. Yule mzee ananunua rangi kwa mfuko wake. Nitasema nini?" Akatupa punje mbovu nje. "Labda mimi ndiye nimemsahau. Labda alikuwa na mabega sawa."

Hilo neno lilinikaa vibaya. Nilisali rozari nzima nikilifikiria, na Mungu anisamehe, kwenye tendo la tatu la utukufu nilikuwa nahesabu pua za Leonardi.

Kwa sababu pua ilikuwa imeshafika. Hakuna aliyeipendekeza, hakuna aliyeijadili. Ilikuja yenyewe, kama inavyokuja siku zote, na ikakaa katikati ya uso wa Ngendakumana kana kwamba amezaliwa nayo.

Kazi ilikamilika Jumamosi ya mwisho kabla ya gari la shirika kuondoka. Leonardi aliileta imefunikwa kanga, akaifunua kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kifuani. Ilikuwa na rangi ya mafuta. Nyuma ya kichwa kulikuwa na mduara wa njano.

"Hilo si taji," akatuwahi. "Ni jua. Linachomoza."

"Linachomoza vizuri," akasema Dismasi.

"Sina la kurekebisha," akasema Mwinshehe, na kwa sheria zetu hiyo ilikuwa sawa na kupigiwa mizinga.

Siku hiyo hiyo alikuwepo mjini mzee Ntakarutimana, Mrundi wa kilima kimoja na Anésie, aliyepata ruhusa ya kutoka kambini aje hospitali. Anésie alikuwa amemwona parokiani asubuhi, akamwomba apite awasalimu waliomsaidia. Akaingia akiegemea fimbo, akavua kofia, tukamwamkia, akaitikia kila mmoja na kutuuliza habari za nyumbani mpaka zikaisha. Leonardi akaona Mungu amemletea shahidi.

"Mzee, hebu tazama hapa," akasema, akasogea kando ya picha.

Mzee Ntakarutimana akatazama. Akatabasamu kwa heshima. "Ni mtu mzuri sana," akasema.

Tukangoja.

"Safi kabisa," akaongeza. Akaitazama picha, akamtazama Leonardi, akairudia picha, akamrudia Leonardi, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya aliyeelewa. "Ni mdogo wako, mzee?"

Mwinshehe alikohoa akatoka nje kwenda kukohoa vizuri.

"Huyu baba anaumwa macho?" Leonardi akamuuliza Anésie kwa sauti ndogo. "Hospitali amekuja kwa ajili ya macho?"

"Mguu, mwenyekiti," nikajibu mimi.

Anésie alikuwa anaitazama sakafu. Niliuona uso wake, na haukuwa uso wa aibu. Ulikuwa uso wa mtu anayeona boti likiondoka. Gari linaondoka Jumatatu, picha ni moja, na katika kambi zote na bandarini watu wangetafuta ndugu wa Leonardi.

Nikainama kwenye kikapu changu, nikatoa nyuzi, nikatoa vitambaa, nikaukunjua ule mfuko wa saruji. Ulikuwa umepata mkunjo shingoni na uzi mwekundu ulinasa kwenye sikio. Nikauweka juu ya cherehani, chini ya ile ya rangi.

Mzee Ntakarutimana aliuinamia. Fimbo ikamponyoka, hakuiokota.

"Ngenda," akasema. Hakutuambia sisi. Aliuambia mfuko. Kisha akageuka kwa Anésie wakaongea Kirundi haraka, na kwa kuwa ni karibu na Kiha niliokota hapa na pale: zizi alilomsaidia kujenga, ng'ombe aliyemchana sikio kwa pembe, namna alivyobeba mizigo kwa bega moja tangu ujana mpaka mwili ukakubali.

Leonardi alingoja wamalize. Alikuwa mtu wa adabu. "Tunaheshimu hisia za mzee," akasema. "Lakini hapa kuna suala la kiwango. Hii karatasi ibandikwe kambi zote, na chini watu waulize, nani kachora? Waambiwe, Umoja wa Wachoraji wa Kigoma na Ujiji. Macho hayalingani. Bega limeanguka. Jamani, tumefanya kazi ya Jumamosi zote hizi, turudi kwenye mfuko?"

"Ndivyo alivyo, mwenyekiti," nikasema.

"Mama Agnesi, sheria unaijua. Aliyekosolewa hajibu."

"Mimi sijakosolewa. Aliyekosolewa ni Ngendakumana, na kutojibu kwake ndiko kunakotutoa jasho hapa."

Dismasi akainama akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Mwenyekiti," nikaendelea, kwa kuwa nilishaanza na kuacha katikati ni dhambi ya pili, "wewe unachora watakatifu, Injili unaijua kunishinda. Bwana Yesu alipofufuka, Tomaso hakumwambia nioneshe ulivyonyolewa. Aliomba makovu. Mwili wa utukufu, unaopita kwenye milango iliyofungwa, na makovu ameyaacha palepale. Angeweza kuyarekebisha. Alikuwa na nafasi."

Leonardi akageuka kulitazama lile sikio zima alilolichora. Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Mwinshehe alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. "Hata boti," akasema, "likiibwa, mwenyewe hasemi lilikuwa la bluu. Maboti yote ya bluu, nimeyapaka mimi. Anasema lina kiraka hapa. Polisi wanatafuta kiraka." Akafikiri kidogo. "Nasema hivi huku mstari wangu unaniuma. Ni mstari mzuri."

Tukamtazama Anésie sote. Nilijua anachokiona: watu walioacha kazi, rangi iliyonunuliwa, mzee mwenye nywele nyeupe aliyesimama kando ya picha yake kama baba wa bibi harusi. Akasogea. Nikaona mikono yote miwili inakwenda kwenye ile ya rangi. Akaichukua. Akaikumbatia kifuani.

"Hii nzuri," akasema, "naomba mniachie, niwe nasali mbele yake." Kisha akaelekeza kidevu kwenye mfuko wa saruji. "Ile mbaya ndiyo ipelekwe. Mume wangu alikuwa mbaya kidogo."

Leonardi akavuta pumzi kupitia ile pua. Ilichukua muda, pua ni kubwa. "Ya kusali," akasema. "Hilo nalo nililiona tangu mwanzo."

Mfuko wa saruji ukaondoka na gari la Jumatatu. Ile ya rangi haikutosha kwenye chumba cha Anésie, ikatundikwa pale cherehani, na akina mama wa kushona wakaizoea. Nimewakuta baadhi yao wanapiga ishara ya msalaba wakipita. Mmoja aliniuliza ni mtakatifu gani, nikamwambia amuulize mwenyekiti. Alimjibu kwamba ni msimamizi wa wasafiri.

Kukawa kimya. Nakala ilibandikwa Kibirizi, kwenye ubao karibu na wanapoanika dagaa, katikati ya nyuso nyingi, nyingi zikiwa picha halisi za studio, watu wamekaa wima mbele ya pazia. Ngendakumana alikaa pale ameinamisha kichwa, jicho nusu, kama mtu aliyefika studio amechelewa. Kila nilipokwenda kununua dagaa Anésie alinifuata. Alisema anakuja kunisaidia kubeba. Alisimama mbele ya ubao mpaka dagaa wangu wakanuka.

Siku moja nilikuwa nabishana bei na mama mmoja nikasikia mtu anacheka. Si kicheko kikubwa. Alikuwa mpagazi, kijana wa Kirundi, gunia la dagaa mgongoni, amesimama mbele ya ubao anatikisa kichwa.

"Nani kamchora huyu?" akasema peke yake. "Amekosea."

Anésie alikuwa hatua chache kando yake. Nikaona ameganda. Jumamosi zote zile zilikuwa zimemzoeza: mtu anakosoa, wewe unanyamaza, unashukuru. Nikaacha dagaa nikasogea.

"Kosa liko wapi, mwanangu?" nikamuuliza mpagazi.

"Mnene huyu. Feliksi si mnene hivi." Alikuwa na gunia mgongoni lakini hakulitua, alikosoa nalo. "Na ndevu hana, ananyoa. Na hapa," akaonesha kichwani, "kuna mvi siku hizi."

"Siku hizi," nikasema.

"Eeh. Na sikio lililochanika ni la kulia. Huyu kamchorea la kushoto."

"Oya," akasema Anésie.

Niligeuka kuona ni nani kasema hapana kwa Kirundi. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na sauti yenyewe sikuijua.

"La kulia, mama," akasema mpagazi.

"Oya. La kushoto."

"Mama, huyu mtu namwona kila nikipanda juu kwa ndugu zangu. La kulia."

"Mimi ndiye niliyelala upande huo," akasema Anésie. "Wewe umelala naye wapi?"

Hapo ndipo kijana alipotua gunia. Akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akautazama ubao, akamtazama tena. Aliitwa Gélase. Akatuambia taratibu, kama anayebeba kitu cha kuvunjika. Kule Kalinzi kuna mtu wanayemwita Feliksi, anachuma kahawa ya mzee mmoja mwenyeji. Alipanda milimani kutoka ziwani siku boti lao lilipotupwa ufukweni. Jina la Feliksi alijipa mwenyewe, kwa kuogopa. Hashuki mjini kwa sababu ameambiwa atapandishwa lori, na alishasikia kwamba boti la wanawake lilizama. Alisikia kutoka kwa mtu aliyeona kwa macho yake.

Kalinzi. Ukisimama Kigoma siku isiyo na ukungu unaviona vile vilima. Muda wote tulipokuwa tunamlinganisha macho na kumnyoa panki, mwenyewe alikuwa juu kule anatutazama paa za nyumba zetu.

"Endelea," Anésie akamwambia Gélase. Alikuwa ameshika ukingo wa ubao kwa mikono miwili. "Kosa jingine."

"Kosa?"

"Kwenye picha. Sema yote."

Gélase akajikuna. "Meno," akasema. "Moja limetoka. Anachechemea kidogo. Na anacheka sasa, lakini si sana." Na Anésie alikuwa anaitikia kila kimoja, analia na kuitikia, ego, ego, kama mtu anayepokea vitu vinavyoshushwa kutoka kwenye boti. Sijawahi kuona mchoro ukikosolewa vizuri namna ile, na sista hakuwepo kuona.

Tulipanda Kalinzi na Gélase asubuhi yake. Sehemu moja kwa gari la mizigo, sehemu kubwa kwa miguu, na mimi magoti yangu yaliikosoa ile njia bila kuanza na jambo jema. Tulimkuta kwenye mibuni, mgongo umetugeukia. Sikuhitaji kuoneshwa. Bega moja juu, moja chini.

Anésie hakuita. Alisimama tu kwenye njia, mpaka yeye akageuka kumwaga kahawa kwenye kikapu na kichwa kikabaki vilevile kimeinama, jicho moja wazi na jingine nusu. Kikapu kikaanguka. Mwenye shamba akaanza kulalamika kuhusu kahawa yake, kisha akaona, akavua kofia.

Niliwapa nafasi. Nilikaa juu ya jiwe nikasali, na safari hii nilijua sala ya kusali. Lakini kabla sijafumba macho nilitazama sikio, siwezi kusema sikutazama.

Lilikuwa la kulia.

Baadaye, tulipokuwa tumekaa tunakunywa maji, nikamnong'oneza Anésie. Akageuka akamtazama mumewe kutoka upande huu, akainuka akaenda kumtazama kutoka upande ule, yule bwana amekaa anageuzwa kichwa bila kujua kosa lake. Anésie akarudi akakaa karibu yangu.

"Limehama," akasema.